Kichocheo Ndani ya Kizimba

Walioninyima ajira ni wawili, na nitawataja kwa vyeo vyao kwa sababu majina yao yananichafua mdomo: mwalimu wa kemia na mkuu wa shule. Wa tatu ni redio, lakini yule marehemu namsamehe.

Nilitoka Kitahana, Kibondo, na darasa la saba langu, nikapata kibarua cha kuosha vyombo vya maabara kwenye sekondari moja pembeni ya Kasulu. Miaka mitatu nikawa kibarua. Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, mkuu akaniambia barua ya kuniajiri rasmi imeshapigwa chapa. Mkaguzi akija akairidhia maabara, yeye mkuu ataitia sahihi. Airidhie vipi, ndiyo ilikuwa shida. Tulikuwa na meza mbili, mizani isiyopima, na nyoka ndani ya chupa.

Asubuhi moja mwalimu wa kemia akaniita.

"Daktari wa chupa! Safari hii tunamwonyesha mkaguzi kichocheo ndani ya kizimba."

Nikaweka chupa chini. Vyama vingi vilikuwa ndiyo vimeingia, na kila aliyefungua mdomo sokoni aliitwa mchochezi. Na kizimba nakijua. Nilishasimama kwenye kile cha mahakama ya mwanzo, kwa ajili ya baiskeli ambayo hata mnyororo haikuwa nao.

"Mwalimu, mimi simo," nikasema. "Nina mama anayenitegemea. Huyo mchochezi ni nani, wewe au mkuu?"

Alicheka mpaka akakalia ndoo. Kichocheo, akasema, ni kitu kinachofanya vingine viungane haraka, chenyewe kikabaki kilivyokuwa. Rafiki yake alikuwa amemtumia jarida la wataalamu wa ng'ambo. Wana vipande vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukivitia majini vinajipanga vyenyewe mpaka vinakuwa kizimba, hakuna fundi wala msumari. Vitu viwili vikinaswa humo vinabanana, vinaungana upesi.

"Chukua mwanamume na mwanamke hapo sokoni Kasulu," akasema. "Watapishana mwaka mzima. Lakini mvua iwabane kwenye kibanda kimoja, kesho unaona washenga."

"Na kibanda?"

"Kibanda kinabaki kibanda. Kinangoja wengine."

Kwa kuwa mkaguzi hawezi kuonyeshwa kisichoonekana, tukatengeneza mfano. Nilikata magunzi ya mahindi vipande vipande, kila kipande nikakichomeka vijisumaku nilivyovunja kwa nyundo kutoka spika mbovu za fundi redio wa sokoni. Vijisumaku vikapungua.

"Chukua ile redio ya ofisini," mwalimu akasema. "Imekufa. Mkuu mwenyewe kaniambia."

Nikaichukua. Nikang'oa sumaku, nikarudisha mfuniko na skrubu zote nne, nikaipangusa vumbi. Kumbe kilichokufa ni betri.

Mkaguzi akaja. Nikajaza karai maji, nikatia vipande viwili vya bua, kimoja chekundu, kingine cha bluu, vyote nimevipaka ulimbo. Vikaelea huku na huku, havijuani. Nikamwaga magunzi, nikatikisa karai. Wallahi, na mimi ni Mkristo, magunzi yalitafutana! Yakashikana ta, ta, ta, yakawazingira wale wawili, na humo ndani wakagandana kabla sijamaliza kufuta mikono.

"Ahaa!" mkaguzi akasema. "Haya, sasa watoe."

Mwalimu akaingiza kijiti. Bua halikutoka; ulimbo ulikuwa umelishika kwenye kizimba.

"Hapo ndipo hata wataalamu wanapokwama, mheshimiwa," akasema, jasho linamtoka. "Kilichozaliwa humo wakati mwingine kinanogewa. Hakitoki, na wengine hawapati nafasi."

Sikuulizwa, lakini nikasema, "Kama mgeni aliyekuja kusalimia msimu wa maharage."

Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. "Nani katengeneza kitu hiki?"

"Huyu hapa," mwalimu akasema, mkono begani kwangu. Nikamwona mkuu anapapasa mfuko wa shati, anatafuta kalamu.

Tukaingia ofisini. Barua yangu ilikuwa imetandazwa kwenye meza ya mkuu, ile inayoyumba. Ikawa saa saba.

"Tusikie kwanza taarifa ya habari," mkaguzi akasema. "Nimetoka Kibondo leo, barabara nzima ni wakimbizi. Sijui huko kwao kumetokea nini tena."

"Betri mpya nimenunua jana kwa ajili yako," mkuu akasema, akazitia mwenyewe. Akafungua. Kimya. Akaipiga kofi. Kimya. Akaomba bisibisi, na mimi, mjinga, ndiye niliyempa. Akachungulia. Spika ilikuwa na uso, lakini haina kisogo.

"Nani kaifungua hii?"

"Huyu hapa," mwalimu akasema, kwa sauti ile ile, mkono kwenye bega lile lile.

"Mwalimu! Si wewe uliyeniambia imekufa?"

"Nilisema imekufa. Nilikwambia uichune ngozi?"

Mkaguzi akatazama dirishani. Mwalimu akamimina chai, akachukua andazi, mzima kama alivyoingia. Mkuu hakunifokea, na afadhali angenifokea. Akafunika kalamu yake, akaikunja barua yangu mara nne, akainama, akaisukuma chini ya mguu mfupi wa meza.

Meza ikatulia.