Jina la Dada Yangu

Dada yangu mkubwa alizama ziwani, katika boti iliyotoka Goma, na mwili wake haukuonekana. Miezi michache baadaye maman alianza kuniita kwa jina lake. Alikuwa jikoni kwetu Bagira, akisonga bugali, akaita kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilibaki nimesimama uani, nikiutazama mlango wa jiko.

Papa alikuwa amekaa mlangoni. Akaniambia taratibu, "Mutoto yangu, itika."

"Lakini haiko mimi, papa."

"Najua. Itika tu."

Niliitika. Tangu hapo, kila nilipoitikia jina lile, nilihisi kuna mtu amesimama nyuma yangu, naye anafungua mdomo.

Nilipofika sekondari sikuvumilia tena. Siku moja tukichambua maharage nilimwambia, "Maman, yule alikufa. Mimi iko mimi."

Hakushtuka. Vidole vyake viliendelea na kazi.

"Unafikiri nimerukwa na akili? Najua iko wewe. Lakini nikiita na mutu hapana kuitika, basi nitakuwa nimemuzika."

Nilijifunza hapo kwamba mzazi mwenye msiba hahitaji kuambiwa ukweli. Ukweli anao tayari.

Papa amekwisha kufariki, na mimi ndiye ninayeishi na maman. Bado anaita. Jumapili iliyopita nilichelewa kutoka misa. Nilipoingia alinishukuru, akitabasamu, kwa kuwa alipoita nusu saa kabla niliitika upesi.

Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine.