Siku Mama Mkwe Alipoisikia Sauti Yake Bandani

Kisa hiki nimekisimulia mara mbili tu, kwanza kwa padri na baadaye kwa dada yangu, ambaye alicheka mpaka akakaa chini, na mara zote mbili nilificha kipande, kwa hiyo ninyi ndio wa kwanza kukipata chote, na mnivumilie maana nikikifikiria bado masikio yanapata moto.

Mimi ni mtoto wa Wasukuma wa Kaniha, kule Biharamulo, nikaolewa Murusagamba kwa Wahangaza, na kwa kuwa mume wangu Deo anafundisha shule Runazi, nyumbani tulikuwa tunaishi wawili, mimi na mama mkwe wangu, Mama Skolastika, mwanamke wa maneno machache (kwa Kiswahili, maana kwa Kihangaza aliweza kuongea peke yake asubuhi nzima, na Kihangaza changu mimi kilikuwa cha salamu na cha kununulia ndizi). Tuliheshimiana kwa mbali. Nilikuwa nimeshaamini kuwa hanipendi, kwa sababu moja ya kijinga: kila alipochambua maharage yeye, lazima mimi niume jiwe. Nalitema taratibu kwenye kiganja, nanyamaza, moyoni najisemea, haya mama, ujumbe nimeupata.

Sasa hiyo filamu. Mimi na rafiki yangu Odila, fundi cherehani, pamoja na wanawake wengine wawili wa kikundi chetu cha kushona, tuliamua kutengeneza filamu ya kutisha kwa simu yangu. Wanawake watatu wanakwenda kisimani kila siku, siku moja wanajihesabu wanakuta wako wanne. Waigizaji wote walikuwa wanawake, na si kwamba tulipanga iwe hivyo, ila kila mwanamume tuliyemfuata alitaka awe yeye anayetokea mwishoni na panga kutuokoa. Damu tulitengeneza kwa juisi ya rozela, Odila akapakwa unga wa muhogo usoni akawa marehemu, tukarekodi migombani karibu mwezi mzima, na picha zilitoka vizuri kiasi kwamba mimi mwenyewe niliyempaka ule unga nilikuwa nikiziangalia nageuka nyuma.

Tatizo likawa sauti. Odila akiongea kama mfu anasikika kama anaita wateja wa nyanya. Tukajaribu akiwa ameingiza kichwa ndani ya pipa, tukajaribu na leso mdomoni, wapi! Ndipo asubuhi moja mvua inanyesha, nipo kitandani, nikamsikia mama jikoni anachambua maharage huku anaongea peke yake, sauti nzito ya mtu aliyeamka sasa hivi, inapanda, inakatika, inaanza tena chini kabisa, na vinyweleo vikanisimama. Nikanyata na simu nikaiegemeza kwenye ufa wa mlango. Dakika nne, maneno hata sikuyafuata, nilitaka mlio tu. Sikumwomba. (Ningemwomba angekataa, na nilijua kabisa angekataa, kwa hiyo msinitetee.) Nikaipeleka kwa fundi mmoja Biharamulo mjini, Msukuma mwenzangu, akaishusha kidogo, akaitia mwangwi, ikawa sauti ya mtu aliyezikwa zamani sana. Odila sikumsikilizisha. Nilimwambia nataka ashtuke pamoja na watu wengine, lakini ukweli niliogopa ataitambua.

Tukaonyesha Jumapili mchana, kwenye banda la kuonyeshea mpira, madirisha yamezibwa kwa turubai. Mama alikuwa amesema haji, runinga zinamuumiza macho, na mimi nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Watu wamejaa, tunakaribia kuanza, mlango ukafunguka, akaingia na kitenge chake cha kanisani, nyuma yake wenzake wawili wa jumuiya.

"Shikamoo mama," nikasema, na sauti ilitoka ndogo.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuona firamu yako. Kijiji chote kinakuja, mimi nibaki kule narinda nini?"

Akaenda moja kwa moja benchi la mbele kabisa, magoti karibu yaguse meza ya runinga. Nikadhani ni fahari.

Sauti yake ilikuwa inaingia dakika ya thelathini na moja. Sijui kama mmewahi kukaa nusu saa nzima mnaisubiri aibu yenu inakuja na mnajua inafikia wapi. Watu wanapiga kelele, wanashikana, Odila ananifinya paja kwa furaha, na mimi macho yapo tu kwenye dakika za kompyuta inayochezesha filamu. Dakika ya ishirini na nane nikajisogeza kwenye mitambo nikamwambia mwenye banda sauti imezidi, tupunguze. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Sauti ndiyo inayotisha, mama," akasema, akaiongeza.

Ishirini na tisa. Thelathini. Kisima kikaonekana kwenye runinga. Nikapenyeza mkono nyuma ya meza, nikashika waya nilioamini ni wa sabufa, nikauvuta kwa nguvu zote.

Picha ikazimika. Sauti ikabaki.

Kwa hiyo sasa banda zima lipo gizani, hakuna kisima, hakuna Odila wa unga, hakuna cha kuangalia, watu wote wamekaa kimya wanamsikiliza mama mkwe wangu. Na neno la kwanza kutoka nililielewa hata mimi: umukazana. Maana yake mkwe wa kike. Yaani mimi. Nikasikia watu wanaguna, halafu banda likapasuka kwa kicheko.

"Odila, anasema nini?"

Odila, aliyekuwa amenifuata mezani, akasita. "Anasema mkwe wake analala mpaka jua limpige visigino." Kicheko kingine. "Na chai yake ni kama maji yaliyooshea vikombe."

"Jamani, huyo si Mama Skola?" mtu akauliza kwa nyuma.

Mwenye banda anahangaika kuirudisha picha, mimi napapasa natafuta waya wa sauti, mikono yetu inagongana, ananiambia mama acha, mimi sisikii. Halafu kile kicheko kikakatika, kama mtu amekizima.

"Kabula," Odila akaninong'oneza, "izime."

"Anasema nini?"

"Anasema maharage anayachambua kwa vidole. Mawe hayaoni. Jicho la kushoto limeshafunga, la kulia lina ukungu. Anasema wewe unauma mawe na humwambii, na yeye anaona aibu kukuambia." Akanisogelea sikioni. "Anamwomba Bikira Maria amwachie hilo moja, maana wakijua watamhamishia mjini, na migomba yake ataiacha na nani."

Nikaupata waya. Nikauchomoa. Mtu akafungua mlango, mwanga ukaingia, na watu wote hawaniangalii mimi, wanaangalia benchi la mbele.

Mama alisimama polepole. "Kabula," akasema kwa Kiswahili, ili nisikose hata neno, "hiyo sauti yangu uriitoa wapi?"

"Mama, nisamehe, nilikuwa..."

"Nimekuuriza, uriitoa wapi?"

"Mlangoni. Jikoni. Ulikuwa unachambua maharage."

Akaanza kutoka, mkono unapapasa kichwa cha benchi hadi kichwa cha benchi, jambo ambalo bila shaka alikuwa analifanya siku zote ila hatukuwa tunaliangalia, na watu wakawa wanampisha kwa haraka kupita kiasi, wanavuta miguu, wanavuta watoto, na nadhani hilo lilimuuma kuliko sauti yenyewe. Nilimkuta nje nikapiga magoti kwenye tope, na gauni langu jipya. Akaniambia niinuke, watu wanaona.

Kabla hatujafika nyumbani Deo alishapiga simu kutoka Runazi. "Nasikia mama yangu amekuwa mzuka," akasema, "na nasikia ni kipofu. Nianze na lipi?" Nikaanza kulia.

Alikuja kesho yake tukampeleka mama hospitali. Ilikuwa mtoto wa jicho. La kulia walilisafisha, sasa linaona vizuri, la kushoto walisema tumechelewa. Migomba yake ipo, hakuna aliyemhamisha. Watu huniambia basi ilikuwa heri, bila ile filamu asingetibiwa, na mimi huwa nanyamaza, kwa sababu wao hawaishi ndani ya nyumba ile. Mama alinisamehe, alisema hivyo kwa kinywa chake mbele ya Deo, na tunakula pamoja na tunacheka. Lakini mpaka leo asubuhi jikoni ni kimya. Haongei tena peke yake. Nikiamka mapema najilaza nasikiliza, nasikia maharage tu yanadondoka kwenye sufuria.

Filamu nyingine nitatengeneza, Odila ameshaanza kunisumbua. Ila sauti ya mtu sitaichukua tena bila kukaa mbele yake nikamwomba, na akisema hapana, nitaondoka nikatafute nyingine.