Sinia Mia Moja na Nne

Mimi ndiye niliyeandika kwamba kisima cha Bi Mwanamkasi hakitadhurika. Nalisema mapema, maana wapo wanaosimulia habari hizi kana kwamba kompyuta niliyopigia hesabu ndiyo iliyokosea. Kosa ni langu mimi Brightness, mtaalamu wa maji niliyeajiriwa na Suleimani, mwenye nyumba ya wageni pale Chumbageni. Na aliyelisahihisha ni mpishi wa shughuli.

Bi Mwanamkasi binti Uweso amepika pilau za watu tangu mumewe alipofariki, akasomesha watoto wanne kwa mwiko. Mdomo wake hauna breki. Uani kwake kuna kisima alichochimba baba yake, na mtaa mzima huteka maji hapo bila kubisha hodi. Mjukuu wake, mtoto wa binti yake Nasra, ana miezi miwili na maziwa yake ya chupa huchanganywa kwa maji hayo.

Nyumba ya Suleimani iko juu kidogo ya kisima, na pembeni yake alijenga ukumbi wa harusi. Alitaka kuongeza vyumba, na kibali kilihitaji makadirio. Hesabu yenyewe si uchawi: unajua watu wangapi wanatumia vyoo, unakadiria naitreti itakayotoka kwenye karo, yaani shimo la maji taka, na kuzama mchangani, unaichanganya na mvua inayopenya ardhini, unapata kiasi kitakachofika kisimani. Naitreti haina harufu wala rangi, kuchemsha maji hakuiondoi, na ikizidi humfanya mtoto mchanga akose hewa kwenye damu. Kisima kilikuwa bado kizuri nilipokipima. Maji ya ardhini hutembea polepole, na ukumbi wa Suleimani haukuwa umefikisha hata mwaka.

Nilihesabu vitanda ishirini na nane. Nikapata miligramu thelathini na moja kwa lita, chini ya kikomo. Nikaenda kumpa Bi Mwanamkasi habari njema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na ukumbi umeuhesabu?"

Nikamweleza. Ukumbini nilikwenda Jumatatu, nikakuta viti vimepangwa ukutani. Kwetu Soni harusi ni ya kanisani na watu huja na kadi, kwa hiyo nilimwomba Suleimani idadi ya kadi za mwaliko. Akasema hana hata moja. Nikaandika sifuri.

Bi Mwanamkasi alicheka mpaka akashika mlango.

"Kadi? Mwanangu, harusi ya huku yaja na mtaa mzima! Nani atampa jirani kadi? Mie nahesabu masinia. Jumamosi nimepakua sinia mia moja na nne, kila sinia watu sita. Wamekula, wamekunywa, wamecheza tangu mchana. Wafikiri mikojo wamekwenda nayo kwao?"

"Kwa wiki shughuli ngapi?"

"Tatu. Ramadhani tu ndiyo twapumzika."

Nilikaa barazani kwake nikarudia hesabu kwa kalamu. Sabini na nne, juu kabisa ya kikomo. Niliona aibu, kisha nikapandwa na hasira, maana Suleimani alijua vizuri nilichokuwa nauliza, akaniacha niandike sifuri yangu.

Ila kulikuwa na jambo. Shughuli zote za ukumbi ule alikuwa akipika yeye. Nikamwambia nitaandika "kwa mujibu wa wakazi", jina lake lisionekane, asije akakosa kazi.

Akanikata jicho. "Wakazi ndio nani? Wakazi hawakupakua pilau. Andika Mwanamkasi binti Uweso."

Nikaandika.

Wiki iliyofuata tuliitwa ofisi ya mtaa, na afisa wa maji akaja kusikiliza. Suleimani aliisoma ripoti mpya, akafika kwenye jina, akainua uso.

"Bi Mwanamkasi, nani kakutuma?"

"Nimejituma."

Akabadilisha sauti, akawa mtamu. Atamvutia bomba mpaka mlangoni, bure kabisa, mradi kisima kifukiwe na maneno yaishe.

"Na koki kuu utaishika wewe," alijibu Bi Mwanamkasi. "Siku nikikuudhi utanifungia. Kile kisima baba yangu hakumwomba mtu, nami sikuombi. Hamisha karo lako."

Afisa wa maji alifunga faili. Kibali hakitoki, akasema, na vyoo vya ukumbi visitumike mpaka lijengwe tangi lisilovuja, la kunyonywa na gari. Nilitaka kupiga makofi. Suleimani alisimama, mshipa umemtoka shingoni.

"Basi mama, hata nikilijenga hilo tangi, jikoni kwangu hutatia mguu tena. Wapishi wamejaa mjini!"

Mimi ndiye niliyeinamisha macho, kwa sababu nilijua hana kazi nyingine. Bi Mwanamkasi alifunga kanga yake vizuri.

"Masufuria yangu yako huko jikoni kwako. Utayatoa wewe, au niingie niyatoe mwenyewe?"

Tulipofika ukumbini aliyatoa Suleimani kwa mikono yake, moja moja, akayaweka barabarani. Yalikuwa saba, makubwa, meusi kwa masizi. Nilimwambia niite bajaji. Akakataa, alitaka yaonekane. Tukayabeba kwa miguu, mimi nyuma yake na blauzi yangu ya ofisini imechafuka yote, majirani wametoka kutazama, naye akiwaambia kila mlango tuliopita: "Njooni mteke maji! Nimefukuzwa kazi, kisima kipo!"