Siku Niliyoitwa Mara Tatu

Juzi nilijifunga kitambaa kichwani nikijiandaa kwenda kanisani, na kabla sijafika mlangoni nikasikia kitu kama maganda makavu ya mahindi yakiburuzwa sakafuni. Nikavua kitambaa, kelele ikanyamaza. Nikajifunga tena, ikarudi. Nina miezi minne tu tangu nipandikizwe kifaa cha kusikia, na wataalamu wa Nairobi walikuwa wamenionya kwamba nguo ikigusa ile sehemu inayokaa nyuma ya sikio, nitasikia mkwaruzo. Lakini nilikaa kitandani, kanisa nikalisahau, kwa sababu mkwaruzo ule naufahamu. Niliishi nao nikiwa na umri wa miaka minane, nikidhani ndiyo sauti ya dunia.

Nilizaliwa nikiwa nasikia, ndivyo walivyoniambia. Surua ilinipata kabla sijajua kutamka neno, ikaondoka na masikio yangu. Tulikaa Busia, upande wa Kenya, katika vyumba viwili nyuma ya duka la nguo ambalo mama aliweka cherehani yake barazani pake. Baba alifanya kazi ya reli kule Malaba, akija nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili. Dada yangu Nekesa alinizidi miaka mitatu, na yeye ndiye aliyekuwa mdomo wangu na masikio yangu. Tulikuwa na lugha yetu ya mikono ambayo hatukufundishwa na mtu. Mama alikuwa mguu unaokanyaga cherehani. Baba alikuwa mkono unaopunga bendera ya treni. Mimi nilikuwa kidole kinachogusa ncha ya pua, kwa sababu ambazo Nekesa amekataa kunieleza mpaka leo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, wakati wanawake wa upande wa Uganda walipokuwa wakivuka kutafuta sabuni na chumvi, na malori yakipanga foleni mpakani hadi vumbi lao likaingia kwenye chai. Mwezi wa nne mwaka mmoja akaja Mwalimu Perpetua, mwanamke mrefu aliyezunguka wilayani kwa gari la misheni akitafuta watoto viziwi. Alinipima, akamletea mama kiboksi cha chuma kilicholingana na pakiti ya sigara. Kilining'inia kifuani kwa mkanda, na waya ukapanda kutoka kwake hadi sikioni. Baba alikipenda sana. Kila Jumapili alitoa betri yake akaianika juani pamoja na betri za redio ili zipate nguvu.

Mwalimu alimwachia mama masharti. Mikono ikome nyumbani, la sivyo sitajifunza maneno. Na kabla ya Januari niwe naweza kuitikia jina langu. Nikiweza, mwalimu mkuu wa shule ya pale mjini angenipokea darasa la kwanza, nikae nyumbani na kwenda shule na Nekesa. Nikishindwa, ningepelekwa shule ya viziwi ya bweni, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mama alikuwa amekwisha kuzika mtoto mmoja kabla yangu, na hakutaka kusikia habari ya mtoto kulala mbali naye.

Sasa, yeyote aliyewahi kuingia sebuleni kwa mama wa kwetu miaka ile anajua kilichofuata. Kitu cha thamani hakikukaa uchi. Viti vilivalishwa vitambaa vyeupe vya kufuma, redio ikavalishwa, thermosi ikavalishwa, hata mtungi wa maji ukawa na kofia yake. Mama alikifumia kiboksi kitambaa chenye maua manne, kifuniko na kamba za kufunga mgongoni. Alikitia wanga wa muhogo, akakianika, akakipiga pasi ya makaa mpaka kikasimama chenyewe. Nilipovikwa nilinuka wanga na moshi wa makaa, na majirani walikuja kunitazama kama bibi harusi.

Na hapo ndipo mkwaruzo ulipoanza. Nikivuta pumzi, upo. Nikitembea, unazidi. Nilimwona mama akifungua mdomo mbele yangu, macho yakiwa yamejaa matumaini, na nilichosikia ni maganda ya mahindi. Nikatabasamu, nikatikisa kichwa kwamba naam. Ningefanya nini? Watu walikuwa wakinyemelea nyuma yangu wakigonga sufuria, nami nikaona macho ya wenzao yakihama, nikageuka. Wakapiga makofi, wakamshukuru Mungu. Nikawa mwigizaji hodari kabisa, ila kazi ile ilinichosha. Nilikuwa nikisinzia tonge likiwa mkononi.

Mwezi wa nane Mwalimu Perpetua alirudi kukagua. Nekesa alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia baadaye walivyosemezana.

"Mama Nekesa, hii ni nini umevalisha mashini?"

"Ni kitambaa, mwalimu. Vumbi ya hapa unaijua. Hata redio ya mzee nimevalisha."

"Na sauti itapita wapi? Haka katundu ndiko kanasikia. Umefunga kabisa, tena na wanga! Mtoto amekuwa akisikia hiki kitambaa tu, miezi yote hii!"

Mama alipiga magoti nyuma yangu kufungua kamba, akaishia kulifungua fundo kwa meno.

Saa ileile lori likapiga honi barabarani. Nilimrukia mwalimu shingoni, nikamng'ang'ania mpaka akapoteza kiatu. Baada ya honi akaja jogoo, ikaja cherehani, akaja mama mwenyewe akilia na kucheka pamoja, na vyote viliniingia kichwani kwa mkupuo bila jina wala mpangilio. Watu husema kusikia kwa mara ya kwanza ni furaha. Ndugu zangu, mimi niliumwa kichwa siku mbili.

Kuanzia siku hiyo mama aliikimbiza miezi iliyopotea. Kila jioni, baada ya kukanyaga cherehani tangu asubuhi, alinikalisha kwenye kigoda nikimpa mgongo, sufuria ikiwa miguuni na maharagwe kiganjani. Akiita jina langu, nidondoshe haragwe moja. Asipoita, nitulie. Na-fu-la. Mapigo matatu, la mwisho likivutwa. Mwanzoni nilidondosha ovyo, hata siku moja nikamwaga yote ili tumalize. Aliyaokota moja moja, akanirudishia. Kufikia mwezi wa kumi na moja nilikuwa nimeyajua mapigo yale. Neno jingine lolote lilikuwa tope tu, lakini jina langu kinywani mwa mama nililijua. Sauti yake ilikuwa imekwisha kukauka kwa kuita.

Nekesa alikatazwa kabisa kutumia mikono mbele yangu. Akiketi nami aliikalia. Tulikutana kwa siri nyuma ya choo, na huko ndiko aliponiambia alichokisikia kwa dereva wa misheni: kwamba katika ile shule ya viziwi, mwalimu akigeukia ubao watoto wote huzungumza kwa mikono. Wote! Nilimuuliza ni mbali kiasi gani. Akatikisa mkono kuonyesha mbali. Mbali niliyoijua mimi ilikuwa Nambale kwa shangazi, ambako mtu alienda Ijumaa na kurudi Jumapili na kuku chini ya kwapa.

Januari ikafika. Mwalimu mkuu alikuwa mzee mnene mwenye suti ya kahawia. Kwanza alinipima kama watoto wote walivyopimwa siku hizo: pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili. Kwa kimo changu nililifikia bila taabu. Kulishika sikio haikuwa shida, shida ilikuwa kazi yake. Akaelekeza nitazame dirishani, akarudi nyuma yangu. Mama na Nekesa walikuwa wamesimama mlangoni.

Aliita. Mapigo matatu, mazito, si kama ya mama, lakini yalikuwa matatu. Nililijua jina langu.

Naandika haya sasa kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Nilisikia, na sikugeuka. Nilitazama dirishani, mtu akisukuma baiskeli yenye gunia la chumvi, nikawaza kwamba nikigeuka, kigoda na maharagwe havitaisha tena maishani mwangu. Nilikuwa nimechoka. Mtoto wa miaka minane aliyechoka hana hesabu ndefu. Mzee akaita tena, kwa nguvu zaidi. Nikatulia. Na mara ya tatu aliyeita alikuwa mama, kwa ile sauti yake iliyokauka, akivuta pigo la mwisho kuliko siku zote. Nikaendelea kumtazama mtu wa baiskeli mpaka akapotea.

Wiki iliyofuata baba alinipeleka kwa basi. Ilipofika Jumapili nilikaa getini nikingoja kurudi nyumbani, na jioni mlezi wa bweni akaja kuniondoa. Niliwaona watu wetu tena baada ya miezi mitatu. Sitadanganya kwamba shule ile iliniharibia maisha. Ilinipa marafiki, ufundi, na mume mwema. Lakini kila nilipokwenda likizo nilimkuta mama amepungua, na kila mgeni aliyekuja alisimuliwa hadithi ileile, Nekesa akinitafsiria kwa mikono: Mama anasema ni yeye aliyekuharibia kwa kile kitambaa, kwamba angejua mapema ungesikia. Nami nilitikisa kichwa tu, nikachukua chai.

Siku hizi, kila jioni akitoka kazini, binti yangu huketi nyuma yangu kunisomea maneno. Kikombe. Barabara. Mvua. Nakosea, anarudia. Wiki iliyopita niligeuka ghafla, nikamkuta amefumba macho, kichwa ameegemeza ukutani, midomo bado inatamka. Nikajionea haya, mwanamke mzima. Miaka yote hii nilikumbuka kigoda, nikakumbuka shingo yangu ilivyouma, na sikuwahi hata mara moja kufikiri juu ya mtu aliyekuwa amekaa nyuma yangu, miguu imevimba kwa cherehani, akiniita.

Alifariki mwaka ambao binti huyu alizaliwa. Nilikuwa na mikono miwili na miaka mingi ya kumwambia, na Nekesa wa kutafsiri. Mama alizikwa akiamini kwamba aliniita, na sikumsikia.