Sekunde Moja na Ushei

Mume wangu hajawahi kunikatiza nikiongea. Majirani wananionea wivu. "Shoga, umepata mwanamume msikivu," wananiambia, nami natabasamu tu, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Miaka ishirini na mbili sasa anakaa kwenye chumba kimoja kilicho chini ya dishi kubwa, spika za masikioni zimemkaa, akihudumia laini ya sauti ya kituo cha anga. Wale walioko huko juu wanaizunguka dunia kila saa moja na nusu. Wakipita juu ya paa letu ni dakika kumi tu, wameshapotea. Kwa hiyo sauti yao haishuki kwetu moja kwa moja. Inapanda kwanza hadi kwenye setilaiti iliyo juu zaidi, kilomita elfu thelathini na sita, ambayo kutoka hapa chini ni kama imegandishwa mahali pamoja. Hiyo ndiyo inayoidaka sauti na kuirusha kwenye dishi letu. Halafu dishi la pili linaipandisha tena kwenye setilaiti nyingine, ishukie ng'ambo kwa wakubwa wanaoendesha safari. Mpaka swali liende na jibu lirudi, sekunde moja na ushei imekatika.

Sasa ukidakia, sauti zinagongana na hakuna anayesikika. Ndiyo maana watu wa laini wana desturi yao: mwenzako akinyamaza, unahesabu moja, mbili, ndipo unafungua mdomo. Wiki yake ya kwanza mume wangu alidakia mara tatu, msimamizi akamtoa nje kama mtoto wa shule. Hakudakia tena. Na hakudakia tena popote, ndiyo shida yangu. Ukimuuliza kama chumvi imekolea, moja, mbili, "Imekolea." Nilipomwambia nina mimba ya binti yetu, alinitazama mpaka nikadhani ataniuliza ni ya nani.

Mimi nilizoea. Kuzoea nako kunachosha, msinione nacheka.

Mwaka jana binti huyo alikuja Jumamosi mchana, mtoto mgongoni na begi moja mkononi. Ndoa ilikuwa imemshinda. Mumewe alikuwa anampiga. Mimi nilikuwa uani naanika nguo, wala sikumsikia akiingia; haya nilisimuliwa baadaye. Baba yake ndiyo kwanza ametoka zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, macho mekundu, hata viatu hajavua.

"Baba," akamwambia, "naweza kurudi nyumbani?"

Akaanza kuhesabu.

Siku ya harusi ni yeye aliyemwambia mbele za watu kwamba ndoa ni kuvumilia. Binti alipoona kimya, akakumbuka maneno hayo. "Nimeelewa, baba," akasema, akabeba begi lake akatoka. Mimi narudi ndani na beseni tupu, namkuta mzee amesimama katikati ya sebule peke yake.

"Nilikuwa nataka kusema ndiyo," akaniambia.

"Si ungesema!"

Hata hapo alisubiri kwanza kabla hajanijibu. Nilitamani kumpiga na lile beseni.

Siku tisa binti hakupokea simu. Tukasikia amerudi kwa mumewe. Sikuwa na nguvu ya kugomba tena. Napika, nakula nusu, naosha vyombo, nalala bila usingizi. Mume wangu alikwenda kazini kama kawaida, akarudi kama kawaida, na hasira niliyokuwa nayo juu yake ilinichosha kuliko kazi zote za nyumba. Siku ya kumi akaomba ruhusa kazini, jambo ambalo hakulifanya hata alipofiwa na kaka yake. Tukaenda wote wawili, asubuhi, saa ambayo mkwe wetu huwa kazini.

Binti alifungua mlango. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba, limefumba kabisa.

"Mmefuata ni—"

"Tumekuja kukuchukua," baba yake akasema.

Binti akamtazama kwa lile jicho moja. "Siku ile mbona ulinyamaza?"

Mume wangu akamweleza. Palepale mlangoni akamweleza habari za setilaiti, na sauti inavyopanda na kushuka, na sauti zinavyogongana, na kuhesabu, na kwamba jibu alikuwa nalo tangu mwanzo, lilikuwa njiani. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile kwa mkupuo mmoja. Binti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba," akasema, "mimi sikuwa angani. Nilikuwa mbele yako."

Safari hii hakuwa anahesabu. Alinyoosha mikono yote miwili. Binti akamkabidhi mtoto, akaingia ndani kufungasha.