Mbwa Wangu Hana Tabia Hizo

Jamani, kuna vitu ukivikuta kwenye matapishi ya mbwa, hata chai ya kesho yake hainyweki.

Tulieni niwaeleze.

Huku kwetu Nyuzilandi, Septemba miti ya kowhai inachanua manjano, na ndege wa pwani wanataga chini, mchangani. Kwenye njia ya kando ya mto, unapoingia baharini, kuna kibao: mbwa afungwe kamba.

Nani anakisoma? Kila asubuhi namfungulia Digby wangu, anatimka, anapotelea nyasini. Nikipiga mluzi, huyo anarudi. Mbwa ana adabu zake, bwana.

Jumanne moja, saa ya kurudi, nikamkuta Noeline amepiga magoti. Ni mama mstaafu, analinda viota kwa kujitolea. Manyoya kila mahali. Kipande cha bawa kimejaa sisimizi.

Ptuu! Nikaziba pua.

"Ni jike wangu," akasema huku analia. "Yule wa pete nyekundu mguuni. Miaka sita namlinda, Raewyn!"

"Ni Meg huyo, mbwa wa Graeme," nikadakia. "Jana nimemwona huku."

Nilimwona kweli. Kama alikuwa na kamba, sikuangalia.

"Na Digby?"

"Digby? Thubutu! Mbwa wangu hana tabia hizo."

Mchana habari zikafika halmashauri. Huku mbwa akiua ndege wale, naye anauawa.

Graeme, jirani yangu, mzee mgane, akaja mlangoni.

"Raewyn, mwanangu, Meg ana miaka kumi na tatu. Hata ngazi hapandi. Ijumaa wanamchoma sindano. Una hakika?"

"Mzee, nimesema nilichoona."

Nikafunga mlango.

Jioni Digby akaanza kukohoa. Akajikunja, akatapikia zulia zima. Uji wa kijani, manyoya, kijiguu kimoja kimenyooka. Ile harufu! Nafuta huku natapika na mimi. Ghafla kitambaa kikanasa kitu kigumu.

Pete nyekundu.

Choo kilikuwa hatua tatu. Unatupa, unavuta maji, basi. Digby anatikisa mkia, ananilamba mkono kwa mdomo uleule.

Nikajionea kinyaa kuliko yale matapishi.

Sikuiosha. Nikaipeleka kwa Graeme vilevile, inanuka, nikamwekea kiganjani. Akaitazama, akamwita Meg, akamkumbatia palepale sakafuni. Kisha akaniuliza kwa upole:

"Na Digby wako je?"

Upole wake uliniumiza kuliko tusi. Kesho yake nikaipeleka ile pete halmashauri.

Ijumaa sindano ilichomwa. Nilimshika Digby kichwa mwenyewe, na mpaka mwisho alikuwa ananitikisia mkia.

Siku hizi Meg bado anajikongoja kwenye ile njia, kamba shingoni. Kamba ya Digby ninayo mfukoni. Mpya, hata kibandiko cha dukani hakijatoka.

Basi ndugu yangu, siku ukijisikia unasema "mbwa wangu hana tabia hizo," nyamaza kwanza. Mfunge kamba.