Nilimwacha shangazi alaumu macho yake kwa mduara nilioukosea mimi

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya yamenipata mwenyewe na sijayatia chumvi. Nimeyafuta mara tatu kabla ya kuyatuma, ndivyo nilivyo tangu ujana.

Wiki nzima nilikosa usingizi kwa swali moja. Nimwambie shangazi ukweli, fahari yake juu yangu ivunjike? Au ninyamaze, aendelee kuamini kwamba macho yake yamekwisha?

Nianze mwanzo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, Mkunazini, Unguja mjini. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo huko Bara na digrii ya kemia, nafundisha skuli. Kijana wa kuwaza kila kitu mara saba. Nikifunga mlango, lazima nirudi kuutikisa.

Shangazi yangu, Bi Zuhura, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, na kazi yake ikijulikana mpaka Mkokotoni. Nilipoposa, akasema kofia ya harusi yangu atashona yeye.

Kwa wasiojua: ile sehemu ya kofia inayozunguka kichwa hushonwa kwanza ikiwa mkanda ulionyooka, kisha ndipo huunganishwa ncha kwa ncha. Kabla ya sindano, mtu huichora kwa penseli. Mchoraji wa shangazi alikuwa akikunja kitambaa nusu, kisha nusu tena, na tena, ndipo achore.

Mie nikaona hayo mambo ya kizamani. Nikasema nitachora mwenyewe, kwa rula, kwanza karatasini kisha kitambaani.

Nikapima kichwa, nikagawa, nikapata nafasi kumi na saba kamili. Ua, nyota, ua, nyota. Mkanda ulianza kwa ua na ukaishia kwa ua. Ukiutandaza mezani, unapendeza kweli. Shangazi akawaonyesha majirani wote. "Huyu ndiye mwenye hesabu zake," akasema.

Akashona miezi miwili.

Siku aliyoushika mkanda kwa pini ili aone mzunguko wake, tulikuwa barazani pamoja na jirani yetu, Bi Salma. Shangazi akauzungusha mkononi, akakomea penye maungio. Maua mawili yalikuwa yamekaa ubavu kwa ubavu, hakuna nyota kati yao.

Akaugeuza. Akauangalia tena.

"Nshazeeka, Salma," akasema. "Nimeruka nyota nzima, nisiione."

Kitambaa cha bafta siku hizo kilikuwa cha kupanga foleni, hatukuwa na kipande kingine. Lakini hilo halikumuumiza. Kilichomuumiza ni kingine. Jioni ile ile alimrudishia Bi Salma kitambaa cha kofia ya mwanawe, akasema hashoni tena. Sindano akazifunga kwenye kitambaa, akazitia kabatini.

Nami, wakuu, niliamini kama yeye. Nikamhurumia.

Siku mbili baadaye niko darasani nafundisha benzini. Siyo ile ya gari. Ni molekuli yenye atomu sita za kaboni zilizoshikana kwa mduara, na tulikuwa tukiichora kwa kifungo kimoja, kisha viwili, kimoja, viwili. Kwa haraka nikachora pembe saba badala ya sita.

Msichana mmoja wa mbele akasema, "Mwalimu, hapo vya kimoja kimoja vimekutana."

Nikaangalia ubao. Nikasahau kabisa kama nina darasa.

Kwenye mstari ulionyooka, vitu viwili vinavyopokezana vinaweza kuwa kumi na saba bila shida. Ukiufunga mstari uwe mduara, lazima idadi iwe shufwa, igawanyike kwa mbili. Ikiwa witiri, mahali fulani viwili vya aina moja vitakutana. Ndiyo maana mchoraji alikuwa akikunja nusu kwa nusu. Yeye hakosei hata akitaka.

Nikarudi nyumbani, nikautoa mchoro wangu wa karatasi. Maua tisa, nyota nane. Shangazi hakuruka kitu. Alishona kila nilichochora.

Hapo ndipo wiki yangu ya mateso ilipoanza. Nilijitafutia kila udhuru. Kwamba ana miaka sitini na kitu, macho hata hivyo yamepungua. Kwamba apumzike, ni heri kwake. Lakini kila nikirudi kazini namkuta ameketi barazani, mikono imelala mapajani, haina kazi. Sikuwahi kuiona hivyo.

Nikaamua. Na kwa kuwa alijilaumu mbele ya Bi Salma, nikaona si haki kumnong'oneza jikoni. Nikangoja Bi Salma aje, nikaenda na karatasi yangu.

"Shangazi, macho yako hayana kosa. Kosa ni langu. Hesabu hapa."

Akahesabu kwa kidole, polepole, mpaka mwisho. Akarudia.

Bi Salma ndiye aliyeanza. "Digrii yote hiyo, hujui shufwa na witiri? Na sala ya witiri usiku unaihesabuje?"

Shangazi hakucheka. "Ulijua lini?"

"Wiki hii yote."

"Na ukaniacha."

"Naam, shangazi. Nisamehe."

Akaniambia nikalete mkasi na zile sindano. Ua la mwisho nililifumua mwenyewe, uzi kwa uzi, yeye akinisimamia na kuniambia nina vidole kama miguu ya meza. Nikamweleza kwamba mduara wa witiri unataka kitu cha tatu. Akachagua karafuu. Akaishona yeye.

Kabla hajamaliza, alimwambia Bi Salma akalete kitambaa chake. "Ila huyu asikiguse," akasema.

Nilichojifunza ni kwamba aliyekulea anaweza kuistahimili aibu yako kuliko unavyodhani. Kisichostahimilika ni kumwacha abebe isiyo yake.

Nanyi, nani aliwahi kumwachia mzee wake lawama ambayo haikuwa yake? Mlisema, au mlinyamaza? Nitasoma zote.